Kipima umbali cha leza: kabla hujatoa hela yako ya korosho, soma hapa kwanza



Kabla ya msimu huwa naulizwa habari za ubwiriunga, mbu wa mikorosho, na kama salfa imefika au bado. Minada ikishaanza na malipo yakaingia benki, maswali hubadilika. Watu wanakuja na picha kwenye simu: "Afisa, hiki kitu ni kizuri? Ninunue?" Safari hii kinachoulizwa sana ni kipima umbali cha leza, kile kifaa kidogo kinachofanana na nusu ya darubini. Unachungulia, unabonyeza, namba inatokea: mti ule uko mita 184.

Wanaoniuliza wako wa aina tatu. Wa kwanza ni wenye bunduki za leseni, ambao wameona wawindaji wa nje wakikitumia kulenga mnyama wa mbali na wanataka nao wakitumie kwa nguruwe pori. Wa pili ni wanaonunua, kuuza na kukodisha mashamba, wanaotaka kuacha kupima kwa miguu. Wa tatu ni wenye maduka wanaotaka kukileta kwa ajili ya hao wawili.

Nitasema maoni yangu mapema ili mwenye haraka asipotee. Kwa mkulima wa kawaida wa huku kwetu, kifaa hiki hakistahili hela yake. Shida tuliyonayo Nanyamba ya kutopima vizuri ni kubwa na inatutia hasara kila mwaka, lakini dawa yake ni rahisi kuliko leza na inauzwa madukani. Sasa nieleze sababu, kundi moja moja.

KIFAA CHENYEWE KINAVYOFANYA KAZI

Ukibonyeza kitufe, kifaa kinarusha mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga unagonga kitu ulicholenga, sehemu ndogo inarudi, na kifaa kinahesabu muda uliotumika kwenda na kurudi. Mwanga unakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda mita 100 na kurudi inachukua chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kifaa kinachoweza kuhesabu muda mdogo kiasi hicho ni kazi nzuri ya mafundi, sina ubishi. Ila ukielewa kinavyofanya kazi, unaelewa pia kinaposhindwa.

Kwanza, lazima kitu ulicholenga kirudishe mwanga. Kibao cheupe kinarudisha vizuri. Mnyama mwenye manyoya meusi, au kichaka, kinarudisha kidogo. Kwa hiyo ukisoma kwenye boksi "mita 1,000", jua hiyo ni kwa kitu kikubwa kinachong'aa. Kwa mnyama hesabu nusu yake, na mara nyingi chini ya hapo.

Pili, mwanga unarudi kutoka kwenye kitu cha kwanza unachogonga. Jani la mkorosho lililo mita 15 mbele yako linatosha kukupa namba ya uongo ya kigingi kilichoko mita 90. Vumbi, ukungu wa asubuhi na mvua navyo vinavuruga.

Tatu, vifaa vingi vya wawindaji vina kosa la takriban mita moja, zaidi au pungufu. Kwa mtu anayelenga mnyama aliye mita 300, mita moja si kitu. Kwa anayepanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12, mita moja ni shamba lililopinda.

KWA MWENYE BUNDUKI

Kwa nini wawindaji wa masafa marefu wanakihitaji? Kwa sababu risasi haiendi moja kwa moja kama uzi, inashuka. Bunduki ya kawaida ya kuwindia iliyorekebishwa ipige katikati kwa mita 200, risasi yake ikifika mita 300 inakuwa imeshuka kiasi cha shubiri moja, na ikifika mita 400 imeshuka zaidi ya nusu mita. Jicho la mtu linakosea umbali kirahisi, hasa kwenye bonde au uwanda wazi. Mtu akidhani ni mita 300 kumbe ni 400, anapiga mguu au anakosa kabisa. Hapo kifaa kina kazi ya kweli.

Sasa tujiulize: hapa kwetu nani anapiga mita 400? Nguruwe pori anaingia shambani usiku, na mlinzi anamwona akiwa umbali wa kutupa jiwe, kama anamwona. Ngedere yuko juu ya mti wako. Mashamba yetu ni mikorosho, mihogo, vichaka na njia nyembamba. Macho yenyewe hayafiki mita 150 bila kuzuiwa. Hata wawindaji wa kitalii kwenye mapori ya nchi hii, wenye bunduki nzuri kuliko zote, kwa kawaida humsogelea nyati mpaka chini ya mita 100 kabla ya kupiga, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa ni hatari kuliko nyati mzima. Mnyama akipigwa vibaya kutoka mbali, anayekutana naye kesho yake ni mama anayekwenda kuokota korosho.

Kuhusu gobole sina maneno mengi. Silaha hiyo mita 100 kwake ni mbali sana, kwa hiyo kipima umbali hakikusaidii kitu. Na gobole lisilosajiliwa ni kosa la jinai, iwe unalinda mihogo au unaliacha limetundikwa ukutani.

Kuna jambo kubwa kuliko kifaa, nalo ni sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haikuruhusu kuwinda bila leseni, na nguruwe pori naye ni mnyamapori. Umiliki wa silaha una sheria yake ya mwaka 2015. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kujilinda au kulinda mali yake, lakini ina masharti, na tukio lazima litolewe taarifa. Usiende kwa kukisia wala kwa kusikia kijiweni. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, muulize kabla tatizo halijatokea.

Tena sisi tuko mpakani. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na hali ya usalama ya kaskazini mwa nchi ile tangu mwaka 2017 mnaijua. Mtu anayetembea kandokando ya mto na chombo cha kuchungulia mbali ataulizwa maswali na vyombo vya dola, na wana haki ya kumuuliza. Kama una kazi halali nacho, tembea na vibali vyako na uongozi wa kijiji ujue.

Hela uliyotenga kwa ajili ya leza, kama shida yako ni nguruwe pori, iweke kwenye ulinzi wa pamoja. Wenye mashamba yanayopakana wakigawana zamu, wakajenga madungu, wakasafisha vichaka vya pembeni ambamo nguruwe wanalala mchana, na wakaziba njia zao kwa uzio wa miiba, wanaokoa mihogo mingi kuliko bunduki moja ya mtu mmoja.

KWA ANAYEPIMA SHAMBA: HATUA 70 NI ZA NANI?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo hela zinapopotea.

Sote tunajua ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Babu zetu walipima hivyo, wazazi walipima hivyo, na hadi leo shamba linauzwa, linakodishwa na kupaliliwa kwa kipimo hicho. Kipimo hicho si cha kijinga. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63 na sentimeta 60 hivi. Ukigawa kwa 70, unapata hatua ya sentimeta 91, ambayo ni yadi moja. Mtu mrefu akitanua mguu kwa makusudi anaipata. Mtu wa kawaida akitembea kawaida haipati.

Angalia hesabu hii:

Hatua ya sentimeta 75: upande ni mita 52.5, eneo ni mita za mraba 2,756. Hiyo ni robo tatu ya ekari kasoro.

Hatua ya sentimeta 80: upande ni mita 56, eneo ni mita za mraba 3,136. Ni kidogo zaidi ya robo tatu ya ekari.

Hatua ya sentimeta 90: upande ni mita 63, eneo ni mita za mraba 3,969. Karibu ekari kamili.

Hatua ya mita 1: upande ni mita 70, eneo ni mita za mraba 4,900. Ni ekari moja na moja ya tano.

Yaani watu wawili wanapima "ekari moja", wote hatua 70 kwa 70, hakuna aliyedanganya idadi, na mmoja anapata shamba karibu mara mbili ya mwenzake.

Sasa weka watu halisi ndani ya hesabu hiyo. Unakodi ekari tatu za kulima ufuta. Mwenye shamba anapima yeye, kwa hatua zake za sentimeta 75. Umelipa kodi ya tatu, umelima mbili. Umenunua mbegu za tatu. Ukivuna unasema ufuta wa mwaka huu haukuzaa, kumbe ulizaa vizuri tu. Shamba ndilo lilikuwa dogo. Nami ukinieleza "nimepata kilo kadhaa kwa ekari", ushauri nitakaokupa unajengwa juu ya ekari ambayo haipo.

Geuza upande. Kibarua anapalilia kwa malipo ya ekari. Anayempimia ni mtu mrefu, anatanua miguu mita nzima. Kibarua anapalilia ekari 10, analipwa 10, lakini jasho alilotoa ni la ekari 12. Ekari mbili hizo hakuna anayemlipa. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaosoma hapa ni wenye mashamba, na si wote wanajua kwamba mguu wao unamla mtu.

Kuna hatari ya dawa pia. Kiuagugu kinachoandikwa kipimo chake kwa ekari, ukikimwaga chote kwenye robo tatu ya ekari kasoro, umeongeza dozi karibu mara moja na nusu. Unachoma mazao, unaharibu udongo, na umetupa hela. Kwa salfa ya mikorosho nawashauri kila siku: hesabu miti, usihesabu ekari. Nafasi inayopendekezwa na watafiti wetu wa Naliendele ni mita 12 kwa 12, ambayo inatoa mikorosho 28 kwa ekari. Lakini mashamba yetu mengi ya urithi yana miti iliyosongamana, mwingine huku mwingine kule. Mti hauongopi, ekari ya hatua inaongopa.

Na la mwisho ni kuuziana ardhi. Ugomvi mwingi wa mipaka unaofika kwenye mabaraza yetu haukuanza na mwizi. Ulianza na watu wawili waungwana waliopima kwa miguu miwili tofauti, wakaandikishana "ekari nne" kwenye karatasi, wakapeana mikono. Wazee waliokuwepo wakifariki, karatasi inabaki na neno "ekari nne" na hakuna anayejua zinaishia wapi.

JE, LEZA INGETIBU HAYA?

Wengine watasema: basi si ndiyo sababu ya kununua leza? Ni hoja ya haki, naijibu.

Leza ya wawindaji inahitaji njia wazi kutoka kona hadi kona na kitu cha kulenga. Katikati ya mikorosho iliyofungana, njia hiyo haipo. Ukisafisha njia ili uone kona, umeshasafisha njia ya kutandaza futi ya kamba, na futi haihitaji betri. Leza ya mafundi ujenzi, ile yenye kidoa chekundu, inapima kwa milimeta ndani ya chumba, lakini nje kwenye jua kidoa hukioni.

Kuna mtego mwingine ambao umeshaanza kuonekana: yadi. Vifaa vingi vya wawindaji vinatengenezwa kwa soko la Marekani na vinatoka kiwandani vikiwa vimewekwa kwenye yadi. Namba ni ileile, herufi ndogo pembeni ndiyo tofauti. Mtu akisoma 100 kwa 100 akidhani ni mita, anaandika mita za mraba 10,000, yaani ekari mbili na nusu hivi. Kama zilikuwa yadi, shamba ni mita za mraba 8,361, ekari mbili na kidogo. Karibu nusu ekari imeuzwa hewani, tena kwa kifaa ambacho kila mtu amekiamini kwa sababu kina kioo na namba.

Hilo ndilo linanipa wasiwasi kuliko yote. Hatua za miguu kila mtu anajua zina makosa, kwa hiyo mnunuzi huwa anabishana. Mbele ya leza watu wananyamaza. Aliyeishika anakuwa mwamuzi.

KINACHOTUFAA, KWA MPANGILIO WA BEI

1. Kamba yenye vifundo. Pima kamba ya katani ya mita 20 kwa futi ya fundi, funga fundo kila mita 1, na kitambaa chekundu kila mita 5. Usitumie nailoni, inavutika, na kesho si urefu wa jana. Irudie kuipima kila msimu.

2. Gurudumu la baiskeli. Funga kitambaa kwenye tairi, sukuma mpaka gurudumu lizunguke mara moja, pima umbali huo kwa futi. Baiskeli nyingi kubwa ni mita 2 na sentimeta 20 hivi, lakini pima ya kwako, usikariri. Kama ni mita 2.2, mizunguko 29 ni upande mmoja wa ekari ya mraba. Kwenye mchanga mwingi gurudumu linateleza na hesabu inapotea, kwa hiyo tumia kwenye njia ngumu.

3. Futi ya kamba ya mita 50 au 100, ile ya plastiki ngumu. Hii ndiyo ninayoipendekeza. Ni ghali kwa mtu mmoja, ni rahisi kwa kikundi, na inadumu miaka. Shika ncha zote mbili, vuta ikaze, na msiipitishe juu ya vichuguu.

4. GPS ya simu. Programu za kupima eneo zipo za bure. Unatembea kuzunguka mpaka, simu inachora na kukupa ekari. Simu inaweza kukosea mita kama tano mahali pa wazi, na zaidi chini ya miti. Kwa shamba la ekari tano na kuendelea kosa hilo linamezwa. Kwa kipande cha nusu ekari usiiamini. Zunguka mara tatu, linganisha majibu.

Shamba lenye kona nne zisizo za mraba, msijumlishe pande zinazotazamana na kugawa kwa mbili kama wengi wanavyofanya. Njia hiyo kwa shamba lililopinda inaongeza ukubwa, na anayefurahi ni muuzaji tu. Fanyeni hivi: vuteni kamba kutoka kona moja hadi kona inayotazamana nayo. Sasa mna pembetatu mbili. Pimeni urefu wa kamba hiyo, kisha pimeni umbali wa kutoka kwenye kamba hadi kila kona iliyobaki, kwa njia iliyonyooka. Jumlisheni umbali huo miwili, zidisheni kwa urefu wa kamba, gawanyeni kwa mbili. Mfano: kamba ni mita 100, kona moja iko mita 38 na nyingine mita 43. Jumla 81, mara 100 ni 8,100, gawa kwa 2 ni 4,050. Hiyo ni ekari moja. Mtoto wa sekondari anaweza, mpeni daftari.

UKIONA LAZIMA UNUNUE LEZA

Wapo wenye sababu: mwindaji mwenye leseni na anayekwenda kuwinda kwenye uwanda wa wazi, askari wa wanyamapori wa kijiji wanaotaka kujua tembo au kiboko yuko umbali gani bila kumsogelea, mtu wa viwanja vilivyosafishwa. Kwa hao, mambo ya kuangalia ni haya:

Kwanza, hakikisha kinabadilishwa kuwa mita, na kibadilishe ukiwa bado dukani. Pili, usinunue kwa namba kubwa ya kwenye boksi. Muulize muuzaji umbali wa kupima mnyama au mti, na kama hajui, toka naye nje mkapime. Tandaza futi mita 50, lenga ukuta, soma. Rudia mara tano. Kikitofautiana zaidi ya mita moja, kirudishe. Tatu, kiwe na chaguo la kuruka kitu cha karibu na kusoma cha mbali, la sivyo kila jani litakudanganya. Nne, kama unakaa kwenye miteremko ya kushukia Ruvuma, chagua kinachopima na mteremko, kwa sababu umbali wa kufuata mteremko ni mrefu kuliko umbali wa tambarare. Tano, betri. Baadhi hutumia betri ndogo maalumu ambazo huzipati Nanyamba, pengine hata Mtwara mjini ni za kutafuta. Cha kuchaji kwa waya wa simu ni bora. Sita, kisiingie maji, na kiwe na maandishi kwamba mwanga wake ni salama kwa macho. Hata hivyo usimlenge mtu usoni, na usiwape watoto.

KWA MWENYE DUKA

Mjomba mwenye duka, nawe una hela ya kulinda. Kipima umbali cha leza ni mzigo wa laki kadhaa unaokaa kwenye shelfu ukisubiri mteja mmoja kwa mwaka. Futi za mita 50, kamba za katani, rangi ya kuwekea alama na vigingi vinauzika kila msimu wa kukodisha mashamba. Weka futi tatu uzikodishe kwa siku, na uandike jina la mkodishaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

KIFUTA JASHO NACHO KINAPIMWA

Wenye mashamba ya mpunga na mboga kandokando ya Ruvuma, kama huko Kitaya, wanajua kiboko akishuka usiku anafanya nini. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa madhara ya mtu, kwa kanuni za mwaka 2011. Wengi hawajui kwamba kifuta jasho cha mazao kinahesabiwa kwa ekari zilizoharibiwa, kisizidi ekari tano, na kwamba kiwango kinategemea pia shamba liko umbali gani kutoka mpaka wa hifadhi. Nguruwe pori na ngedere hawamo kwenye orodha ya wanyama wanaolipiwa.

Mnaona basi: vipimo viwili, eneo na umbali, ndivyo vinavyoamua. Umbali wa hifadhi ni wa kilometa na unatafutwa kwa ramani na GPS, leza haufikii. Eneo linapimwa kwa futi. Ambaye shamba lake lilishapimwa na limeandikwa kabla ya mnyama kuingia, madai yake yana mguu wa kusimamia. Ambaye anakumbuka ekari za hatua za marehemu baba yake, atabishana na watathmini mpaka achoke. Toa taarifa kijijini mapema, piga picha, usiondoe mabaki kabla hawajafika. Viwango vya malipo muulize afisa wanyamapori, kwa sababu hubadilishwa.

NINACHOPENDEKEZA KWA VIJIJI VYETU

Kila chama cha msingi, au kila kijiji, kinunue futi moja ya mita 100, ikae ofisini kama muhuri unavyokaa. Kila anayeuza au kukodisha shamba aitumie, pande zote mbili zikiwepo, na majirani wa mipaka wawepo. Urefu wa kila upande uandikwe kwa mita kwenye karatasi ya makubaliano, pamoja na mchoro. Neno "ekari" peke yake lisikubaliwe. Kwa kuuziana, msisahau kwamba ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999 na mauzo hupita halmashauri ya kijiji. Na anayetaka hati, mpimaji anayetambulika ndiye mwenye kazi hiyo. Kipimo changu mimi, cha afisa ugani, ni cha ushauri wa kilimo tu.

Naomba nieleweke: sipingi teknolojia. Simu zimetusaidia kupata bei za mnada na taarifa za mvua, na siku moja huenda leza nazo zikawa rahisi kama kalamu. Lakini kifaa kizuri ni kile ambacho muuzaji na mnunuzi, mwenye shamba na kibarua, wote wanaweza kukishika na kusoma namba wenyewe. Futi ina ncha mbili, na kila ncha inashikwa na mtu mmoja.

Wiki hii fanya jambo moja dogo. Tandaza futi mita 10 mbele ya nyumba, tembea kama unavyotembea ukipima shamba, hesabu hatua zako. Gawa 10 kwa idadi hiyo. Ukipata pungufu ya 0.9, shamba lako ni dogo kuliko unavyoamini. Andika namba hiyo kwenye daftari la pembejeo, na ukija ofisini njoo nayo, tutapanga mbegu na dawa za msimu kwa ekari yako ya kweli.